Nyalundi kwa Nyalundi

"Nyalundi!"

Walisimama wawili.

Ofisi ya vifurushi pale stendi ya mabasi Mbeya ilikuwa imejaa hadi mlangoni. Ilikuwa Julai, baridi ya kukata masikio, na kila mtu alikuwa amejikunyata ndani ya koti la mtumba akinyoosha shingo kuona kama mzigo wake umeshuka. Hanifa aliinuka kwenye benchi, ushungi wa zambarau ameubana kwa pini chini ya kidevu, sweta jeusi juu ya gauni refu alilojishonea mwenyewe. Upande wa pili mwanamume mrefu akajibandua ukutani, kofia ya kushonwa kwa mkono kichwani, vumbi la mbao limemkaa hadi kwenye nyusi. Wakafika dirishani pamoja.

"Samahani, kaka, nimeitwa mimi."

"Nimeitwa mimi, dada."

Karani wa vifurushi, Liberatus, mtu wa maneno mengi, akawatazama juu ya miwani. "Nyalundi yupi sasa? Jaji, profesa, au golikipa?"

Watu wakacheka. Nyuma ya Liberatus ilining'inia kalenda ya ukoo wa Nyalundi. Kila mwaka ukoo ule wa Uheheni ulichapisha kalenda ya karatasi moja kubwa yenye picha za watoto wake waliotajika, mmoja kila mwezi: jaji mstaafu, profesa wa mifugo, golikipa aliyewahi kudakia timu ya taifa, na wengineo. Ilitundikwa madukani tangu Iringa mpaka Tunduma, na yeyote mwenye jina hilo hakukosa kuulizwa kama ni ndugu yao.

"Mimi ni wa wale wasiopigwa picha," alisema yule mwanamume.

Hanifa hakuweza kujizuia. Alinyoosha kidole. "Huyo wa Novemba, mwenye kanzu, ni baba yangu."

Pale paliandikwa: Alhaji Halfani Nyalundi, mfanyabiashara, mfadhili wa kisima. Ulikuwa mwaka wake wa kwanza kutokea kwenye kalenda, na mzee alikuwa amenunua nyingi kuliko kuta alizonazo.

"Kumbe!" Mwanamume akarudi nyuma, akainama kidogo. "Basi mimi nasimama nyuma yako, dada mtukufu."

Liberatus akawasukumia maboksi mawili yanayofanana, kila mmoja akachukua lake, wakaachana.

Mchana simu ya Hanifa ikaita kwenye kibanda chake cha ushonaji Mwanjelwa.

"Asalamu alaykum, dada mtukufu. Namba nimeitoa kwenye boksi. Nimefungua mzigo wangu mbele ya mafundi nikakuta lesi za harusi. Nikasema, ee Mola, mbona umenijibu upesi hivi, hata sijamaliza dua?"

"Wa alaykum salaam." Hanifa alitazama boksi lililokuwa wazi miguuni pake, akacheka mpaka wateja wakageuka. "Na mimi nimekuta vitasa. Nikajua kuna mtu anataka kunifungia ndani."

"Ukifungiwa na mimi, ufunguo utakaa nao wewe."

"Hee! Jina lako nani, kaka mwenye maneno?"

"Habibu. Seremala. Kwetu Mafinga, milango naitengenezea hapa Mbeya."

Jioni ile walibadilishana mizigo kwenye mgahawa wa supu. Haikuwa lazima wakae, lakini walikaa. Walipomaliza kuku wao, Habibu alitazama sahani ya Hanifa, kisha yake. Kila mmoja alikuwa ameusogeza moyo wa kuku pembeni, haujaguswa.

"Nyalundi hawali moyo," alisema Habibu polepole.

"Hatuli," alijibu Hanifa. "Baba hata wa mbuzi hataki uingie jikoni."

"Kwa hiyo moyo wangu uko salama kwako?"

"Wako uweke mbali. Naweza kusahau mwiko."

Walicheka. Ila wote wawili walijua mwiko mwingine ambao hawakuutaja. Nyalundi haoi Nyalundi. Hata kama mmoja katoka Kilolo na mwingine katoka mwezini, wakishakuwa na jina moja ni kaka na dada, basi.

Mapenzi lakini hayabishi hodi kwa wazee kwanza. Hanifa alikuwa na miaka thelathini na miwili. Posa zilikuja, zikamkuta ana hiki na kile cha kusema. Kwa Habibu hakupata cha kusema. Alikuwa mtu wa kuswali kwa wakati, randa anaiweka chini adhana ikianza. Hakumgusa hata mkono. Alimtengenezea meza ya kukatia nguo, pembe zake akazilaza kwa msasa zisikamate kitambaa, na alipoileta akasema tu, "Dada, ukichoka egemea hapo." Neno hilo dada likawa ndilo jina lao la siri. Kwenye simu: umekula, dada? Umenikumbuka, dada? Na Hanifa: nitakukumbukaje, kaka, na wewe hujaniacha nikusahau! Walilichezea neno kama watoto wanavyochezea kisu, kwa kuwa bado halijawakata.

Habibu alimwendea shehe. Shehe akasikiliza, akauliza kama wamenyonya ziwa moja, kama kuna baba au babu anayewaunganisha. Hakuna. Akasema, "Mwenyezi Mungu amewataja wasiooana mmoja mmoja, na mwenye jina kama lako hakumtaja. Ndoa ni halali. Ya ukoo nendeni mkaongee na wazee wenu kwa adabu."

Basi wakaenda Iringa.

Nyumba ya Mzee Halfani ipo Mlandege, baraza limepakwa rangi ya kijani, ndani kuna udi na redio ndogo inayosoma Kurani kwa sauti ya chini. Kalenda ilikuwa imetundikwa sebuleni, nayo ilikuwa imekunjwa ibaki Novemba tu ingawa mwezi ulikuwa Septemba. Mzee alikuwa amedhoofu na pumu. Alimpokea Habibu vizuri, akampenda kwa macho kabla ya kumpenda kwa masikio.

"Kamwene, mwanangu," alimsalimia kwa Kihehe. "Wa ukoo gani?"

"Nyalundi, baba. Wa Mafinga."

Mzee akaweka kikombe chini. Hanifa, aliyekuwa nyuma ya pazia na sahani ya maandazi, akasikia pumzi yake ikikoroma.

"Nyalundi kwa Nyalundi?" alisema mzee. "Kunywa chai, mwanangu. Halafu nenda salama. Mimi hilo siliwezi."

Habibu akaondoka. Tangu siku hiyo simu yake haikupatikana. Hanifa alirudi Mbeya akashona huku akiitazama simu, akaipiga, akaambiwa na ile sauti ya mwanamke asiyejua huruma kwamba haipatikani. Wiki ikapita. Akasema moyoni: kumbe ndivyo. Sauti ya mzee mmoja tu imemtoa mbio. Aliifunika meza yake kwa khanga asiione, akakata lesi za watu sakafuni.

Siku simu ilipoita alikuwa na pini mdomoni.

"Hanifa!" Habibu alikuwa anapiga kelele, upepo unavuma. "Nimepanda mlimani kutafuta mtandao. Niko kwa Mzee Aroni, mkubwa wa ukoo, kijijini huku ndani ya misitu ya misonobari. Hanifa, sikiliza. Wewe si dada yangu!"

"Unasema nini?"

"Si dada yangu! Ninyi si Nyalundi wa damu. Babu wa baba yako alikuja na chumvi kutoka Kilwa, akaugua ndui njiani, wenzake wakamwacha. Nyalundi mmoja akamuuguza, akampa jina. Ni la kupewa tu! Mpenzi, tumepona!"

Alikuwa anacheka kule juu ya mlima. Hanifa alizitoa pini mdomoni moja moja. Mbele yake, ukutani, baba yake alikuwa anamtazama kutoka kwenye kalenda, kati ya jaji na golikipa.

"Hanifa? Hufurahi?"

"Nafurahi," alisema, na sauti yake ikatoka kama ya mtu aliyeambiwa kwamba nyumba anayolala si yao.

Alimpigia baba yake. Mzee Halfani hakukana. "Ni kweli, mwanangu. Nilijua siku ile kijana alipotaja jina kwamba ningeweza kuwaokoa kwa neno moja. Neno lenyewe likakwama hapa." Hakuwa na haja ya kuonyesha wapi, Hanifa alisikia kwa pumzi.

Mzee Aroni akaja Mlandege mwenyewe, kwa kuwa jambo la namna hiyo halisemwi kwenye simu. Alikuwa Mkristo, mzee mwembamba mwenye koti la suti na mabuti ya shamba. Ukoo ule una misalaba na misikiti ndani yake na haujawahi kugombana kwa hilo. Habibu alikaa karibu na mlango, shati limenyooshwa vizuri, macho yanang'aa kwa matumaini. Hanifa alikaa kwenye mkeka.

"Habibu amefurahi upesi," alianza Mzee Aroni. "Amesikia 'la kupewa' akadhani ni jepesi. Mwanangu, mtoto wa kuzaliwa humchagui, unampokea alivyo. Yule mtu wa Kilwa tulimchagua. Beberu alichinjwa, akaambiwa, kuanzia leo dada zetu ni dada zako. Akakubali. Wa damu akivunja mwiko, amekosea. Wa kupewa akiuvunja, amesema beberu yule alichinjwa bure."

"Hakuna njia, babu?" aliuliza Habibu.

"Ipo. Jina lirudishwe. Halfani asimame mbele ya ukoo aseme yeye ni mgeni. Hatutamfukuza, tutakula naye. Ila kaburi la baba yake na la babu yake pale kwetu yatakuwa makaburi ya wageni. Na yeye atafute pake pa kulala."

"Basi narudisha langu!" Habibu alisimama. "Mimi niwe mgeni. Niiteni jina lolote."

Mzee Aroni akatabasamu kwa huzuni. "Kaa, kijana. La damu utalirudisha kwa nani? La kupewa ndilo linalorudishwa."

Redio ilikuwa imezimwa. Mzee Halfani alimtazama binti yake, kisha akashika fimbo yake na kuinuka. Hakuna aliyejua anakwenda wapi. Alikwenda ukutani. Akanyoosha mkono, akaanza kuitoa kalenda kwenye msumari.

"Baba, unafanya nini?" aliuliza Hanifa.

"Nimeishi nalo miaka sabini, limenitosha," alisema mzee bila kugeuka. "Mwanamke hakai na jina, anakaa na mume. Mzee Aroni, nitasimama. Taja siku."

Habibu alifunika uso kwa viganja. "Alhamdulillahi," alinong'ona.

Kamba ya kalenda ilikuwa imenasa. Mzee alivuta, akashindwa, akavuta tena, pumzi inakoroma, na ile picha yake ya kanzu ikawa inagongagonga ukuta. Hanifa aliitazama mikono ile. Ndiyo iliyomlea tangu mama yake alipofariki. Kila sikukuu ilikuwa inampeleka kijijini, ikimwonyesha: hapa babu yako, hapa baba wa babu yako, na hapa, penye mkuyu huu, patakuwa pangu. Alikuwa anapaonyesha kwa furaha, kama mtu anavyoonyesha kiwanja alichonunua.

"Acha, baba."

"Niache nimalize."

"Acha, baba." Alisimama, akaishika mikono ya mzee, akaitundika kalenda ikakaa sawa. Kisha akageuka. Ushungi ulikuwa umelowa chini ya kidevu lakini sauti ilikuwa kavu. "Mzee Aroni, jina halirudi. Nimesema mimi."

"Hanifa!" Habibu aliita. "Mzee amekubali kwa ridhaa yake. Shehe amesema ni halali. Unatukata kwa nini, mpenzi?"

"Ni halali. Sijasema ni haramu. Lakini kila nitakapokuangalia nitaona huyu mzee akihangaika na msumari. Utaweza kula chakula changu na picha hiyo mezani, Habibu?"

Habibu alikuwa mtu mkweli, hakuweza kusema ndiyo. Akavaa viatu mlangoni, mguu wa kushoto akautia kiatu cha kulia, akatoka.

Mzee Halfani alifariki mwezi wa Rajabu. Ukoo ulikuja kwa malori, misalaba na misikiti pamoja. Jaji alikuja, golikipa alikuja na kitambi chake. Akapelekwa kijijini, akalazwa penye mkuyu, karibu na baba yake. Hanifa alibaki nyumbani na wanawake wenzake, kama desturi ilivyo, na jioni mmoja wao akamwambia, bila kujua anasema nini, kwamba mmoja wa vijana walioshuka kaburini kumpokea mzee alikuwa seremala kutoka Mbeya. Alikuwa na haki hiyo. Ni mtoto wa ukoo.

Mvua zilipokwisha, Hanifa alikwenda kuchukua mzigo. Ofisi ilikuwa imejaa vilevile. Ukutani kulikuwa na kalenda mpya, Novemba imepewa daktari wa macho.

"Nyalundi!" aliita Liberatus.

Walisimama wawili.

Habibu alikuwa amekonda. Vumbi la mbao lilikuwa palepale, kwenye nyusi. Wakafika dirishani, na safari hii mikono yao haikukaribiana. Liberatus akasukuma boksi dirishani bila kutia utani wake. Boksi lilikuwa moja. Hakuna aliyeangalia limeandikwa nini.

"Chukua wewe, dada," alisema Habibu.

Miezi yote ile ya mapenzi alikuwa amemwita hivyo, na kila mara kulikuwa na kicheko ndani yake. Hanifa alisubiri kidogo kama kitatokea. Hakikutokea. Lilikuwa dada la kweli, zito, la heshima, kama ambavyo ukoo ulitaka liwe.

"Ahsante, kaka," alisema, akalibeba boksi, akatoka nje kwenye baridi.