Mwamuzi Haondoki Mezani

Kacha, kacha, kacha. Kimya kidogo. Kisha dadu zinamwagika juu ya ubao, mmoja anacheka, mwingine anaguna.

Ukipita uchochoro wetu Jumapili mchana, ulisikia mlio huo kabla hujaona mlango. Ukisogea na kuchungulia, ungeona chumba cha kupendeza. Saa za ukutani kumi na saba, zote zikienda sawa, maana mwenye nyumba alikuwa fundi saa na hakuvumilia dakika iliyopotoka. Katikati, meza ndefu. Mezani, mji mzima: nyumba za maboksi, kuta za vizibo, vilima vya sponji, na askari wa bati wenye urefu wa kidole gumba. Upande huu wa meza fundi saa, upande ule shemeji yake, dereva wa teksi. Karibu na dirisha, mke wa fundi kwenye cherehani yake, akishona magauni ya watu huku akiimba kwa sauti ya chini. Mtaa mzima ulimwita Sindano, kwa sababu alipitisha uzi tunduni mara moja tu, bila kuulamba wala kukunja uso.

Mimi ni mpangaji wao wa chumba cha pili, mwandishi wa mabango. Askari wale niliwapaka rangi mimi, mpaka vifungo vya koti. Na kwa kuwa napenda kutunga beti, waliniita Malenga, nusu sifa, nusu kejeli. Nawaambieni haya mapema, ndugu zangu, msije mkadhani nasimulia ya kuambiwa. Nilikuwamo.

Sasa usikieni mchezo wenyewe, maana msiba umetoka humo. Askari wako akitaka kumpiga wa mwenzako, lazima njia ya risasi iwe wazi. Unavuta uzi kutoka usoni mwa mpigaji hadi kifuani mwa anayepigwa. Uzi ukigusa ukuta, njia imezibwa, hakuna risasi. Usipogusa, rusha dadu. Rahisi, siyo? Lakini kuna dirisha la boksi, kuna ukuta uliobomoka, kuna kofia inayochungulia nusu. Mmoja anaunyanyua uzi kidogo, mwenzake anaushusha kidogo, na hapo watu wazima wenye ndevu wanaanza kutukanana.

Ili wasishikane mashati, waliweka mwamuzi. Sindano ana jicho, walisema. Sindano hapendelei: mmoja ni mumewe, mwingine ni kaka yake wa tumbo moja. Basi kila ubishi ulipozuka aliacha gauni la mtu, akapiga goti nyuma ya askari, akafumba jicho la kushoto, akatazama kwa la kulia na kutamka, "Wazi," au, "Imezibwa." Akimpa mumewe haki, kaka yake aliondoka bila kuaga. Akimpa kaka yake, chakula cha jioni kililiwa kimya. Hakuna aliyemuuliza kama anaipenda kazi hiyo.

Jumapili moja, akiwa amepiga goti hivyo, aliinuka ghafla na kushika paji la uso. "Kichwa kinanipasua," alisema, akaenda kulala. Baada ya saa moja alirudi kwenye cherehani mzima, akaanza kuimba.

Wale wawili wakatazamana.

"Shemeji, umeona?" fundi akasema. "Hicho ni kichwa cha kukwepa hukumu."

"Huyo namjua tangu tukiwa wadogo," dereva akajibu. "Akitumwa kuosha vyombo, tumbo. Akitumwa dukani, mguu."

Wakacheka. Nami, kwa kiburi cha kuonyesha ulimi wangu, nikatupa mistari miwili:

Hakimu akitakiwa, kichwa chaanza kuuma;
Hukumu ikishapita, mara yuaruka ngoma.

Waliipenda mno, wakaiimba kwa zamu. Sindano alicheka nao kidogo, kisha akainamia gauni. Siku hiyohiyo wakatunga kanuni mpya, nami nikaiandika kwenye kipande cha mbao kwa herufi nyekundu zenye kivuli cheusi, kazi yangu bora ya mwaka ule. Tukaigongomea ukutani: MWAMUZI AKISHAPIGA GOTI HAONDOKI MEZANI MPAKA ATAMKE, NA WOTE WAWILI WARIDHIKE.

Yasomeni tena maneno manne ya mwisho. Ni nani amewahi kuwaridhisha wabishi wawili kwa neno moja?

Wiki tatu baadaye ukafika mchezo wa kukata mzizi wa fitina. Kwa miaka minne walikuwa sawa, ushindi thelathini na moja kwa thelathini na moja. Atakayeshinda angemchukua jenerali wa mwenzake na kumweka dirishani mwaka mzima, kila apitaye amwone. Basi, ni hilo tu. Kipande cha bati.

Saa nane na robo mchana. Walikuwa wamewasha taa ya mezani ili kuta zitoe vivuli vizuri. Askari wa fundi, mwenye bunduki ndefu, alisimama juu ya ghorofa ya boksi. Jenerali wa dereva alijibanza nyuma ya ukuta uliobomoka. Fundi akavuta uzi.

"Wazi! Jenerali kafa!"

"Kafa wapi? Uzi umelalia tofali!"

"Tofali gani? Au umekuja umevaa miwani ya mbao?"

"Mkono wenyewe unakutetemeka kama umeshikwa na homa. Sindano! Njoo umtoe mumeo aibu."

Alikuja amefinya jicho la kulia. "Jicho linaniuma," alisema. "Hiyo taa naiona imezungukwa na pete za rangi, kama povu la sabuni."

"Piga goti kwanza," mumewe akasema.

Akapiga goti. Akatazama. "Imezibwa."

"Hujatazama wewe! Umetamka upesi ili uondoke. Haihesabiki. Sijaridhika."

Akatazama tena, kiganja kikiwa kwenye paji la uso. "Basi wazi."

"Aa!" kaka yake akaruka. "Ukuta umebomoka zaidi ndani ya dakika moja? Unamwogopa mumeo tu. Haihesabiki. Na mimi sijaridhika."

"Jamani, jicho linaniuma. Uzi nauona miwili."

Fundi akanyoosha kidole ukutani, kwenye ubao wangu. "Soma pale."

"Siwezi kusoma, nimeshakwambia."

Dereva akaanza kuiimba ile mistari yangu, akipiga dole gumba mezani. Tukacheka. Ndiyo, nilicheka. Maneno yako yakiimbwa na mdomo wa mwingine yanalevya, na mimi nililewa.

Kufikia saa tisa Sindano alikuwa amekaa sakafuni, amekumbatia mguu wa meza. Jicho lilikuwa jekundu kama limepakwa pilipili.

"Kaka," alisema, "jicho linauma mpaka kwenye meno. Nipeleke hospitali. Teksi yako iko hapo nje."

Dereva akapapasa mfuko, ufunguo ukalia. "Nitakupeleka, dada yangu. Kwani mimi mnyama? Tamka neno moja la kweli tu, tunaondoka sasa hivi."

"Nikitamka, mmoja wenu anakataa."

"Basi tamka vizuri."

"Nenda naye, shemeji, nenda," fundi akasema, akitabasamu. "Lakini aliyeacha meza kashindwa. Hilo unalijua."

Dereva, aliyekuwa ameshainuka nusu, akakaa.

Ndugu zangu, nimeona wanaume wakipigana, nimeona mwizi akivuliwa nguo barabarani. Sijaona kitu kilichonitia baridi kama makalio ya mtu yule yakirudi kwenye kiti.

Saa kumi kasoro robo Sindano akatapika. Fundi saa alijitupa. Msidhani alijitupa kwa mkewe. Alijitupa juu ya meza, mikono ameitandaza, akiwakinga askari. "Angalia mji!" alipiga kelele. "Utalowesha mji!" Dereva naye alimnyakua jenerali wake, akamfuta kwenye shati, kisha akamrudisha nyuma ya ukuta.

"Hapo hakuwapo!" fundi akasema.

"Alikuwa hapa hapa!"

"Alikuwa kushoto! Kofia ilionekana!"

Na yule mwanamke alikuwa chini, paji la uso limegusa saruji. "Jicho langu," alisema, si kwa sauti. "Mume wangu, jicho linaniuma."

"Ungetamka tangu saa nane, sasa hivi ungekuwa umelala," mumewe akamjibu bila kuondoa macho kwenye ile kofia.

Mnataka kujua mimi nilifanya nini? Nilileta tambara, nikafuta sakafu. Kisha nikashika ncha ya uzi, maana waliniomba niushike.

Saa zote kumi na saba ziligonga saa kumi na moja kwa pamoja. Zilipomaliza, Sindano aliinua kichwa. "Haliumi tena sana," alisema. "Jicho hili linauma kwa mbali. Mmezima taa?"

Taa ilikuwa inawaka.

Fundi alimfunika jicho la kushoto kwa kiganja, akapunga vidole mbele ya la kulia. Halikupepesa.

Daktari wa macho alikuwa mama mfupi asiye na maneno mengi. Alilimulika jicho lile, akalibonyeza taratibu kwa kidole juu ya kope, akasonya.

"Gumu kama gololi. Presha imepanda ndani ya jicho. Maumivu yalianza lini?"

Sindano akajibu mwenyewe: "Saa nane na robo."

"Mnakaa mbali?"

"Dakika kumi na tano kwa teksi," akasema.

Daktari akatutazama, mmoja mmoja. "Na kabla ya leo, kichwa kiliwahi kumshika ghafla, kikamwachia?"

Fundi akatazama viatu vyake.

"Siku ile jicho lilikuwa linaomba msaada. Angeletwa siku ile, ningelikinga. Angeletwa leo saa tisa, huenda ningeliokoa. Sasa wacha nilipiganie la kushoto, lisimfuate mwenzake. Tokeni nje."

Tukatoka. Hatukufika hata benchi.

"Ufunguo ulikuwa mfukoni mwako," fundi akasema.

"Na nani wa kwanza kusema haihesabiki?"

"Wa kwanza mimi, wa pili wewe. Yule ni damu yako!"

"Yule ni mkeo! Ningeondoka ungesema nimeshindwa."

"Ningesema, ndiyo. Lakini si ungeondoka!"

Kisha wakanigeukia wote wawili kwa pamoja, kama walivyozoea kumgeukia yeye. "Malenga, ulikuwapo. Amua wewe. Nani mwenye kosa?"

Mlango wa daktari haukuwa umefungwa vizuri. Sindano alisikia. Nilimsikia akicheka huko ndani, kicheko kikavu, na daktari akimwambia atulie.

Sasa ni mwezi. Jicho la kulia limekufa. La kushoto linaona, lakini jicho moja halijui tundu la sindano liko mbali kiasi gani. Uzi unapita pembeni, unapita pembeni tena, vidole vina madoa ya damu. Wateja wamekuja kuchukua magauni yao yakiwa hayana mikono, wakamwambia pole na kwenda kwa fundi mwingine. Ameondoka kwa mumewe, yuko kwa shangazi yake. Shangazi ameitisha kikao cha ukoo, na kikao ni kesho.

Na wale wawili? Meza hawajaigusa. Kila askari yuko pale alipokuwa, uzi uko pale ulipoanguka, na hawaruhusu hata vumbi lifutwe. Wanasema ni ushahidi. Kila mmoja amekuja mlangoni kwangu kwa siri yake, akinitaka niseme kikaoni kwamba mwenzake ndiye aliyechelewesha. Fundi ana dakika zake, dereva ana zake. Nasikia wanabishana mpaka leo kama ile kofia ilionekana.

FUNZO

Sisemi mchezo ule ni mbaya. Wachezeni askari wenu, pakeni rangi, vuteni uzi. Lakini kanuni iliyotungwa ili watu wasigombane, ikianza kumzuia mgonjwa asiende hospitali, ing'oeni ukutani siku hiyohiyo na muitie motoni. Mtu akikwambia anaumwa, mwamini kwanza, umpime ukweli baadaye. Akiwa amedanganya, umepoteza mchana mmoja. Akiwa amesema kweli, utampotezea nini? Msimfanye mmoja wa nyumba yenu kuwa kamba ya kuvutana. Na wewe uliyesimama pembeni na kicheko chako, usiyecheza wala usiyeamua, usijidanganye kwamba humo. Umo kama walivyomo wao. Nasema kwa ukali kwa sababu najua ninachokisema.

Jana nilikwenda kwa shangazi. Nilimkuta Sindano amekaa kibarazani, sindano mkono huu, uzi mkono huu, anajaribu. Hakuniangalia.

"Amekutuma nani?" akaniuliza. "Yule au yule?"

"Hakuna aliyenituma, dada."

"Kesho watabishana mbele ya wazee mpaka wazee wachoke. Mmoja atasema sikusema kitu, mwingine atasema nilisema kwa sauti ndogo. Nani atasema kwamba nilisema?"

Nikachuchumaa mbele yake, upande wa kushoto, anione.

"Mimi, dada. Kesho asubuhi nitasimama mbele ya shangazi, mbele ya mumeo na kaka yako, niseme ulisema jicho linauma mara tano, na mara zote tano nilisikia."