Sogea, Unanizibia Kioo

Shangazi yangu hana kipaji cha kutunga uongo. Mwenye kipaji hicho katika ukoo ni mimi, mchekeshaji, na kimenilisha jukwaani mpaka nimeota kitambi. Kwa hiyo aliponisimulia haya, huku anachambua mchele, niliacha mzaha nikakaa chini.

Alikuwa mpishi kwa Mzee Vioo. Huyo bwana aliuza vioo, na nyumba yake aliijaza vioo hadi chooni. Sijui kule alitaka kushuhudia nini. Mkewe, Madam, hapiti mbele ya kioo bila kukisalimia. Mtoto wao wa kiume, Mtanashati, alikuwa na shingo iliyopinda kwa kujigeukia. Kasuku ukimwekea kioo hujidhani wawili. Hawa walijidhani mia, na katika hao mia usimpate hata mmoja mwenye akili.

Na kulikuwa na binti, wa mke wa kwanza aliyekwisha kufariki. Akiwa mdogo alimshikia baba yake kioo kwenye karakana, kikapasuka, kikamchana kuanzia juu ya jicho hadi kidevuni. Baba mtu alilia sana. Alikililia kioo.

"Sura hiyo itatufukuzia wateja," alisema Madam. Binti akahamishiwa stoo, akawa mtumishi nyumbani kwa baba yake mwenyewe. Usoni hawakumtazama tena. Walitazama mikono tu: imeleta maji? Imepiga pasi? Basi. Wote nyumba nzima walimwita shangazi yangu "we mpishi". Binti pekee ndiye aliyemwita Shangazi.

Siku moja binti akashikwa na homa kali, na siku hiyo kuna wageni. Madam akamfungia stoo asije akatokea sebuleni, ufunguo akautia kwenye mkoba wake. Shangazi alimsikia akiomba maji nyuma ya mlango. Sebuleni juisi baridi inazunguka. Wageni walipoondoka, mlango ukafunguliwa.

Maji hayakuhitajika tena.

Walimzika harakaharaka. Madam alivaa miwani nyeusi, watu wasione kwamba halii.

Zikapita wiki. Ikafika Jumamosi moja ya kawaida, jua la mchana linachoma, Shangazi anakaanga vitunguu. Kengele ya geti ikalia. Madam alikuwa anatafuta msichana wa kazi, akaenda kufungua mwenyewe, simu sikioni.

"Unajua kupiga pasi?"

"Najua, mama."

"Haya, ingia. Vioo usiviguse."

Msichana akaingia jikoni. Shangazi akageuka. Mwiko ukamponyoka.

Kovu. Kuanzia juu ya jicho hadi kidevuni.

"Shangazi," msichana akanong'ona, "usipige kelele. Vitunguu vinaungua."

Mimi hapo ningepita dirishani, nitoke na fremu shingoni kama tai. Shangazi alizima jiko kwanza. Wanawake wa kwetu hata wafe kwa hofu, chakula hakiungui.

"Mwanangu... si tulikuzika?"

"Mlinizika. Nimepewa nafasi ya pili, ni leo tu. Mmoja wao akinitazama usoni akanijua, nitawasamehe, nirudi nikalale."

"Na wasipokutazama?"

Binti akachukua jagi, akalijaza maji. "Basi sitalala, na wao wasionekane."

Shangazi alikwenda sebuleni mbio. "Bosi, huyu msichana mpya. Hebu mtazame vizuri usoni."

"Kwani uso wake ni saa?" Mzee Vioo akacheka, kisha akajitazama kwenye kioo aone amecheka vipi.

Chakula kikapangwa mezani, mbele ya kioo kikubwa kilichofunika ukuta mzima. Binti akaanza na Mtanashati. Akainama karibu kabisa.

"Barafu," alisema kaka yake, macho kwenye simu.

Akaenda kwa Madam. Mkono wake ukamgusa.

"Mh, mkono baridi huo! Afadhali, maji hayatapata moto."

Akabaki baba.

Binti hakumimina. Alizunguka meza. Akasimama kati ya baba yake na kile kioo.

"Baba."

Shangazi, mlangoni, alijikuta anaomba. Mtazame. Mtazame, mpumbavu wewe.

Mzee alipinda shingo kushoto. Akapinda kulia. Alikuwa anatafuta nyama iliyonasa kwenye meno.

"Sogea. Unanizibia kioo."

Akasogea.

Kwenye kioo meza ilikuwepo. Sahani zilikuwepo. Vijiko vilining'inia hewani. Viti vilikuwa vitupu.

Si vyote. Kwenye kiti cha Mzee aliketi binti. Anakunywa maji. Taratibu. Kama mtu aliyeyangoja sana.

Madam alikimbia chumba hadi chumba, kioo hadi kioo, akipiga ukunga. Hamo. Mtanashati akajipiga picha. Ukuta. Jumatatu Mzee akaenda dukani kwake, mlinzi akamtazama usoni asimtambue, akamzuia mlangoni: "Pole, bwana, mwenye duka bado hajafika." Duka likafa. Mteja gani atanunua kioo kwa muuzaji asiyemo ndani yake?

Ningekomea hapo, nicheke, niende zangu. Lakini juzi mchana Mzee alifika kwa Shangazi. Shangazi alimtambua kwa sauti tu.

"Shangazi," alisema, kwa mara ya kwanza maishani. "Nakuomba. Nitazame usoni. Niambie tu nafananaje."

Shangazi alikuwa anachambua mchele. Hakuinua kichwa.

"Kwani uso wako ni saa?"

Niliposimuliwa hayo nilicheka mpaka nikakohoa. Yeye hakucheka. Alininyooshea kidole chini.

Kutoka kizingitini hadi getini, kando ya nyayo za viatu vya Mzee, kuna matone ya maji. Tone, hatua. Tone, hatua. Kama mtu anayemfuata bwana wake na jagi lililojaa pomoni. Jua linawaka, vumbi limekauka, na matone bado mabichi. Nilichovya kidole. Ya baridi.

"Mbona huyafuti?" nikanong'ona.

"Nimeyafuta," alisema. "Wewe ukipita hapo, inua uso. Salimia."

Nikainua uso, mtu mzima na kitambi changu, nikaisalimia hewa.

Mbele ya kiatu changu likadondoka tone jipya.