Mgeni wa Saa ya Kimya

Hodi ilibishwa mara moja tu. Mtu akaitikia, "Karibu," mlango ukafunguka, na hakikuingia kitu isipokuwa ukungu.

Hosiana aliinua macho kitabuni kwa hasira. Ilikuwa saa nane mchana, saa ya kimya, na sheria ya kimya aliitunga yeye mwenyewe. Alikuwa mwalimu wa sekondari mjini Morogoro, na kila likizo ya Juni aliwapandisha wapenda vitabu wachache hadi nyumba moja ya wageni juu milimani Mgeta, wakae siku nne bila simu wala habari za kazini, wasome tu. Simu zilikaa kapuni. Tangu chakula cha mchana hadi saa kumi, hakuna kufungua mdomo. Mwaka huu walikuwa wanne: yeye, mdogo wake Irene, mhadhiri mmoja aitwaye Severin, na Elizabeth wa benki, ambaye akikosa mtu wa kuongea naye huongea na sufuria.

Kwa hiyo macho ya Hosiana yalimwendea Elizabeth. Elizabeth akatikisa kichwa: si mimi. Hosiana hakumwamini. Alikwenda kufunga mlango, akarudi kitini, akaendelea pale alipoishia. Wapenda vitabu ndivyo walivyo; nyumba iungue, wao kwanza wamalize ukurasa.

Ikaja harufu. Ilikuwa ya karatasi iliyolowa ikafungiwa siku nyingi bila kuanikwa. Kisha kiti kitupu cha karibu na dirisha kikalia, kama kinavyolia mtu mzito anapojiegemeza. Kisha ukurasa ukafunuliwa. Hosiana akatazama mikono ya Severin, imetulia. Akatazama ya Elizabeth, imetulia. Ukurasa ukafunuliwa tena, na safari hii aliuona. Ulikuwa mapajani kwa Irene, na mikono ya Irene ilikuwa imelegea pembeni kama ya mtu aliyesinzia.

Irene akaanza kusoma kwa sauti.

"Irene," Hosiana alinong'ona. "Ni saa ya kimya."

Irene hakugeuka. Alisoma kwa sauti nzito yenye mikwaruzo, sauti ya mtu aliyeishi miaka mingi mno, na yeye alikuwa binti wa miaka ishirini na miwili. Hakupepesa macho. Akifika chini ya ukurasa, ukurasa ulijifunua wenyewe, naye akaendelea bila kuvuta pumzi. Hosiana alirukia kile kitabu akifunge, na jalada lilikuwa la baridi kiasi kwamba vidole vilimfa ganzi, akavuta, akavuta tena, kitabu kisitikisike, na pembeni mwake, kutoka kwenye kile kiti kitupu, akasikia mtu akiguna taratibu, mguno wa msikilizaji aliyefurahishwa na hadithi.

Severin, msomi wa digrii tatu, alikuwa keshafika uani.

Alirudi na mpishi, Bibi Yuliana, mzaliwa wa milima ile, mikono yake bado ina unga. Bibi Yuliana hakumtazama Irene. Alikitazama kiti.

"Nani kamkaribisha?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Kumkaribisha nani, bibi?"

"Huyo aliyekaa. Ukungu ukishuka, sisi huku hodi ya mara moja hatuiitikii. Mtu mwenye damu hubisha hata mara tatu. Yule hubisha mara moja, akangoja kinywa cha kumruhusu."

"Anataka nini kwa mdogo wangu?"

"Anasomewa. Kitabu kikiisha ataondoka. Ila haondoki peke yake, mwalimu. Huondoka na aliyemsomea."

Hosiana alikitazama kitabu. Kurasa zilizobaki hazikuzidi unene wa kidole. Asubuhi ya safari mama yao alimshika mkono akamwambia, mtunze mwenzio, sina wengine ila ninyi.

"Tuitie mganga, tafadhali."

"Mganga wa nini? Jini aliyevamia ndiye hufukuzwa. Huyu alikaribishwa, na mgeni huagwa. Anaagwa na yule yule aliyesema karibu."

Wote wakamgeukia Elizabeth. Elizabeth alikuwa analia. "Haki ya Mungu si mimi," alisema. "Mbona hamniamini?"

Hapo ndipo Hosiana alipokumbuka. Alikuwa katikati ya sentensi tamu, macho hayakutoka kwenye mstari, na mdomo wake ukaitikia wenyewe kama unavyoitikia kila siku wanafunzi wanapobisha ofisini. Mtunga sheria ndiye aliyeivunja, kisha akamsingizia mwenzake. Aliona aibu hadi masikio yakamwaka moto. Mapajani kwa Irene ukurasa mwingine ukajifunua.

"Ni mimi," Hosiana alisema. "Nisamehe, Elizabeth. Ni mimi."

"Basi mshukuru kwa kuja, kisha msindikize hadi kijitoni kule chini," Bibi Yuliana alisema. "Usigeuke nyuma. Na akikusemesha usijibu, hata neno moja."

Hosiana alikikabili kile kiti kitupu, akakishukuru kwa kuja. Irene akanyamaza katikati ya neno. Kiti kikalia.

Alitoka nje, na ukungu ulikuwa mzito hata mabustani ya kabichi hayakuonekana, akashuka njia ya utelezi akipapasa kwa miguu, na nyuma yake nyayo nzito zilizolowa zilifuata, akipunguza mwendo nazo zinapunguza, akiharakisha zinaharakisha, ile harufu ikimpumulia kisogoni, na ghafla sauti ya Irene, sauti yake hasa ya utotoni, ikaita kwa kulia, "Dada, nisubiri, naanguka," naye akaung'ata ulimi, machozi yakimtiririka, asigeuke, asijibu, hadi aliposikia maji.

Nyayo zikampita, zikavuka kijito. Ng'ambo zikasimama.

"Nashukuru kwa kunisindikiza," ilisema sauti ya mtu mzima, yenye adabu kabisa. "Umenikirimu. Na ninyi karibuni kwangu, wewe na mdogo wako."

"Asante, tutakuja," alisema Hosiana.

Neno lilimtoka tu, kama linavyomtoka mtu yeyote aliyelelewa akaleleka. Alijiziba mdomo kwa mikono miwili.

Alirudi akikimbia. Irene alikuwa amekaa jikoni na kikombe cha chai, mashavu yamerudiwa na uhai, anamcheka Severin kwa kukimbilia uani. Kitabu kilikuwa kimefungwa mezani. Hosiana alimkumbatia akalia kwa sauti.

Bibi Yuliana alimvuta kando. "Alikusemesha?"

"Alinisemesha."

"Ukamjibu?"

Hosiana alimtazama yule mama usoni. "Sikumjibu," alisema.

Nyuma yao kikombe kiliwekwa chini. Irene alikuwa ameinama anafunga kamba za viatu, taratibu, sweta keshalivaa. Alipomaliza alisimama akamshika dada yake mkono, na mkono wake ulikuwa wa baridi.

"Twende basi, dada," alisema. "Si umeshakubali?"