Rangi Alizonificha

"Huyu 'Macho Yangu' ni nani?"

Nilimsogezea simu yake mpaka puani. Mchumba wangu, mwandika programu, aliachia kibodi kama imemuunguza.

Ujumbe ulisomeka: "Leo siwezi kuja. Mwambie mchumba wako ukweli, nimechoka kujificha."

"Ngoja nikueleze..."

"Eleza! Harusi imebaki wiki tatu. Nimetoka kazini na udongo mikononi nikuletee chakula, kumbe chakula unacho!"

"Ni dada yangu."

"Wifi yangu ajifiche ana nini?"

Akanigeuzia kompyuta.

Mimi ni mfinyanzi. Alikuwa amepiga picha vyungu vyangu kwa karibu, na mikwaruzo yake yote, akazibandika picha hizo kwenye maumbo aliyoyachora kwenye kompyuta: majani, duara, mawimbi. Kisha programu yake ilitandaza rangi nyepesi juu, mikwaruzo ikibaki inaonekana. Saa tisa mchana mwenye duka la vigae angekuja kuitazama kazi hiyo kwa ajili ya ukuta wa duka lake.

"Hilo jani ni rangi gani?" akaniuliza.

"Si umelipaka mwenyewe? Kahawia. Kama tope."

"Nilitaka kijani."

Nikamkodolea macho.

"Nyekundu na kijani sizitofautishi, tangu kuzaliwa. Namba za rangi ninazo kichwani, lakini rangi ikikutana na udongo wako inageuka, nami sijui imegeuka nini. Dada ndiye huja kuniangalizia."

Nilikaa chini. Hasira iliniishia, ikabaki aibu.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Siku ya kwanza ulinionyesha vyungu vyako, ukasema kile cha kijani ndicho unachokipenda kuliko vyote. Nikakisifia sana. Sikujua hata ni kipi."

"Sasa ulinipendea nini, wewe mtu?"

"Nilivipapasa. Nikajua aliyevifinyanga hana papara. Nikatamani kuishi na mtu kama huyo."

Machozi yalinitoka. Nikayafuta kwa mkono wa udongo, nikajipaka uso mzima.

"Sikiliza," nikasema. "Udongo wangu ni mwekundu, unameza rangi. Sisi wafinyanzi tukitaka kijani king'ae, tunatanguliza udongo mweupe. Hiyo picha huwezi kuifanya nyeupe kwanza?"

Alinitazama kama nimemfungulia mlango. Akaondoa wekundu wote kwenye picha, akaiangaza, akarudisha namba zake zile zile.

"Sema. Ni rangi gani?"

"Kijani! Kijani kibichi kabisa!"

"Na mawimbi?"

"Bluu. Mikwaruzo yangu yote naiona."

Akainamisha kichwa mezani, akalia kwa sauti.

Saa tisa mwenye duka alifika, akaitazama kazi kwenye kioo cha kompyuta mara mbili, akatingisha kichwa kwa kuridhika.

"Nani kachagua rangi?"

Mchumba wangu akasimama wima.

"Namba za rangi ni zangu, bosi. Mimi rangi nyingine sizioni. Huyu ndiye aliyenifundisha kuziamini."

"Basi anzeni kesho, wote wawili."

Mgeni alipotoka nilimpigia wifi.

"Wifi, asante kwa kunitunzia huyu mtu."

"Hujakasirika?"

"Nilikasirika, mama. Nilikutukana moyoni, unisamehe."

Akacheka huku analia. "Hata mimi asante. Miaka yote nilikuwa naogopa, nikizeeka nani atamwambia rangi?"

Tulioana wiki tatu baadaye. Mlangoni mwa ukumbi wa harusi, kabla hatujaingia, aliniuliza kwa sauti ndogo:

"Maua uliyoshika ni rangi gani?"

Nikamwambia moja moja, taratibu, watu wakitusubiri.