Kumbe Ni Wewe Uliyekuwa Unawaambia Niko Wapi

"Rudia! Rudia ulichowaambia hawa wageni wako!"

Benedita hakurudia. Kofi la kwanza lilikuwa limeshampasua mdomo, na damu ilikuwa inadondoka kwenye blauzi yake nyeupe mbele ya watalii aliokuwa akiwatembeza tangu asubuhi. Tramu ya njano ilikuwa imesimama kwenye reli zake kituoni, na abiria walikuwa wanachungulia kwenye madirisha bila mtu kushuka.

"Rufino, niache nifanye kazi yangu."

"Kazi yako! Na yangu je? Umewanyooshea kidole vijana wangu!"

"Nimewaambia wavae mabegi kifuani. Basi."

"Mwongo! Umesema, 'Waangalieni wale watatu, hawaendi popote wale, wanapanda hapa wanashuka kituo cha mbele.' Umesema hujasema?"

Benedita akajifuta mdomo kwa kiganja, akamtazama usoni.

"Nimesema. Na kesho nitasema tena."

Kofi la pili likamtupa chini. Mawe ya Alfama, mtaa wa kale wa Lisboa, yamesuguliwa na miguu ya watu mpaka yanang'aa kama vigae. Ukianguka hapo hujui utasimamia wapi. Mtalii mmoja akapiga kelele. Rufino akainua mguu ampige teke la mbavu, na hapo bajaji ikaja kwa kasi, ikapanda mpaka kwenye njia ya waenda kwa miguu.

Alikuwa Leonel, mchumba wa Benedita. Hata injini hakuizima. Alimrukia Rufino, akamkaba shati na kumbamiza kwenye ukuta.

"Unampiga mke wangu? Unampiga mke wangu, Rufino?"

Rufino, pamoja na pua kutoka damu, alikuwa anacheka.

"Taratibu, bwana harusi. Taratibu. Mimi na wewe tutaongea."

Akajichomoa, akateremka zake na uchochoro huku amejishika pua.

Leonel alimpeleka Benedita kwa Bi Zulmira, shangazi wa Benedita. Yule mama alikuwa anauza pombe tamu ya cheri mlangoni mwake, kwenye ngazi za Alfama. Bi Zulmira akafunga barafu kwenye taulo, akampa.

"Weka hapo. Mungu wangu, binti yangu kapigwa kama mbwa mchana kweupe!"

Leonel akapiga magoti mbele ya kiti cha Benedita, akamshika mikono.

"Mpenzi, nisikilize. Achana na ile tramu. Wageni waporwe, waibiwe, wewe inakuhusu nini?"

"Inanihusu. Mtu anakuja Lisboa mara moja maishani mwake, halafu akumbuke tu jinsi alivyolia kituo cha polisi?"

"Basi wapitishe njia nyingine."

"Ndivyo nitakavyofanya. Nitawapitisha njia ambazo Rufino hazijui. Wengine mpaka tuvuke mto, twende ng'ambo, Cacilhas, tukale samaki."

"Sawa. Ila kila asubuhi uniandikie utakuwa wapi. Likitokea jambo, nifike haraka. Uniahidi, Benedita. Nikikupoteza mimi nitakuwa mtu gani?"

Benedita akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo, ule usiouma.

"Nakuahidi."

Harusi yao ilikuwa karibu. Walikuwa miongoni mwa wachumba waliochaguliwa kufungishwa ndoa kwa pamoja katika kanisa kuu, siku ya kuamkia sikukuu ya Mtakatifu Antonio, mji mzima ukinuka dagaa wa kuchoma. Gauni lilikuwa tayari, linaning'inia nyuma ya mlango wa Bi Zulmira.

Kuanzia siku ile, Benedita akatimiza ahadi, na wiki haijaisha Leonel akamvisha pete ya dhahabu.

"Leo nawapandisha mlimani Graça kwa basi, kisha tunashuka kwa miguu. Kushuka hakuui mtu," aliandika.

"Sawa malkia wangu. Mtapumzika wapi?"

"Pale uani, nyuma ya kanisa la Mtakatifu Estevão. Watalii hawapajui."

"Nakupenda. Uwe mwangalifu."

Siku hiyo wageni wake walikuwa wachache, na mmoja wao alikuwa Bi Henrike, mama mtu mzima kutoka Uholanzi, mwalimu mstaafu wa kuogelea. Alikuwa na mabega mapana na maswali yasiyoisha, na wakapendana tangu mwanzo.

"Binti, ule mgahawa je? Yule kaka anatuita vizuri kweli."

"Anayesimama mlangoni na picha za chakula, mkimbie, mama. Penye chakula kizuri hawana muda wa kukuita."

"Na jana wameniletea mkate na zeituni bila kuagiza. Watu wakarimu!"

"Uliangalia bili?"

Bi Henrike akafikiri kidogo, kisha akaangua kicheko. "Majambazi!"

"Ukiwa huvitaki, sema mapema wavirudishe. Hakuna atakayekasirika. Na begi lako lisikae begani hivyo, pitisha mkanda kifuani. Hivi. Hapo hakuna wa kukunyang'anya."

Wakafika uani. Chini yao kulikuwa na mapaa mekundu, halafu mto Tejo unang'aa mpaka machoni panauma. Bi Henrike alikuwa amesimama juu ya ngazi, amefumba macho anasikiliza kengele, pale vijana wawili walipotokea ubavuni mwa kanisa wakikimbia.

"Mama! Geuka!" Benedita akapiga kelele.

Mmoja alilinyakua begi bila kusimama. Lakini mkanda ulikuwa umepita kifuani, kama Benedita alivyofundisha. Haukukatika. Yule kijana akavuta, Bi Henrike akavutika naye, akaanguka kifudifudi na kuburutwa ngazi baada ya ngazi, kichwa kikigonga mawe, mpaka kijana wa pili alipotoa kisu na kuukata ule mkanda. Wakatokomea.

Benedita alimkuta amelala chini ya ngazi, mguu umepinda mahali ambapo mguu haupindi.

"Nilivaa kifuani," Bi Henrike alinong'ona, damu imemjaa machoni. "Nilivaa kama ulivyosema."

Maneno yale yalimchoma Benedita kuliko makofi yote ya Rufino.

Jioni alirudi kwa shangazi yake kutoka hospitali.

"Nyonga imevunjika. Na kichwa kimeshonwa. Shangazi, mimi ndiye niliyemwambia avae vile!"

Bi Zulmira alikuwa anaosha konokono wa supu kwenye beseni. Akaacha.

"Benedita, hebu nijibu. Pale uani wezi huwa wanakwenda?"

"Hawajawahi. Hakuna watu pale wa kuwaibia."

"Sasa leo walijuaje?"

"Sijui."

"Nani mwingine alijua mnakwenda pale?"

Benedita akatoa simu, akautazama ujumbe aliotuma asubuhi.

"Hapana, shangazi. Hapana. Leonel alimpiga Rufino kwa ajili yangu!"

"Sijataja jina la mtu mimi," Bi Zulmira alisema, akarudi kwenye konokono wake.

Usiku ule Benedita hakulala. Asubuhi akachukua simu. Aliandika akafuta, akaandika tena akafuta, mwisho akatuma.

"Mpenzi, leo nina wageni matajiri, wana kamera kubwakubwa. Baada ya chakula cha mchana tutapita hapa kwenye ngazi za shangazi."

"Sawa malkia wangu. Uwe mwangalifu."

Hakuwa na mgeni yeyote. Alipanda ghorofani kwa Bi Zulmira, akasimama nyuma ya pazia la dirisha linalotazama ngazi, akaanza kuomba Mungu asije mtu.

Wakaja. Kwanza wale vijana wawili wa kule uani kwa kanisa, wakakaa ngazi ya juu wakijifanya wanaangalia simu. Kisha Rufino, puani bado ana plasta, akaegemea ukuta chini kabisa. Ngazi zikawa mtego pande zote mbili.

Benedita akampigia Leonel. Sauti yake ilikuwa shwari mpaka mwenyewe akashangaa.

"Njoo kwa shangazi. Pitia mlango wa nyuma. Sasa hivi."

Leonel aliingia jikoni, kule ghorofani, akihema. Sufuria la konokono lilikuwa linatokota motoni, na Bi Zulmira amesimama kando yake.

"Kuna nini, mpenzi? Wako wapi wageni?"

"Njoo uangalie dirishani."

Akaangalia. Rangi ikamtoka usoni.

"Leonel, nilimwambia mtu mmoja tu."

"Benedita..."

"Mmoja tu!"

"Alisema atakuvunja miguu! Siku ile ya tramu, jioni yake, alinifuata akaniapia. Nikaona nikimpa wageni, atakuacha wewe. Nilikuwa nakulinda!"

"Ukamlinda mtu kwa kumvunja mwingine nyonga?"

"Hawakutakiwa kumuumiza yule mama! Waliniambia wanachukua begi tu!"

"Na wewe ulipata nini?"

Leonel akaitupia jicho pete iliyokuwa kidoleni mwa Benedita.

"Nakuuliza, Leonel. Hii pete ilitoka wapi?"

Leonel akainamisha kichwa. Benedita akaivua ile pete kidoleni, ikagoma kwenye kifundo, akaivuta mpaka ngozi ikachubuka, akamtupia usoni.

"Nilikuwa natembea na damu ya watu kidoleni! Toka! Toka mbele yangu!"

Kelele zile zilifika chini. Rufino aliinua macho, akamwona Benedita dirishani, akaelewa kwamba wageni hawakuwepo na kwamba wao ndio walioitwa. Vijana wake wakakimbia. Yeye hakukimbia. Alipiga teke mlango wa mbele, akapanda, akaingia jikoni na kisu mkononi.

"Mwalimu wa watalii," alisema. "Leo nakufundisha mimi."

"Rufino, tulikubaliana!" Leonel akapiga kelele. "Ulisema hutamgusa!"

"Sogea, mjinga wewe."

"Sisogei."

Rufino akamrukia Benedita. Leonel akajitupa katikati. Kisu kikazama chini ya mbavu zake, kikatoka, kikainuliwa tena. Hakikushuka. Bi Zulmira alishalishika sufuria kwa masikio yake mawili, na supu yote, inachemka, na konokono wake, ikammwagikia Rufino kifuani na usoni. Alilia mlio ambao majirani wanausimulia mpaka leo. Akatoka akipapasa ukuta, akaporomoka ngazini, na wanaume wa mtaa wakamkalia mgongoni huku wanapiga simu polisi.

Ndani, Leonel alikuwa sakafuni. Benedita akalichana taulo, akalikandamiza kwenye kidonda kwa mikono yote miwili, uzito wake wote juu yake.

"Usifumbe macho. Leonel! Niangalie mimi."

"Nisamehe."

"Nyamaza. Pumua."

Polisi wa kwanza kuingia alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sauti ya upole. Akachuchumaa.

"Dada, endelea kubana hivyohivyo, gari la wagonjwa linakuja. Huyu ni nani wako?"

"Alikuwa mchumba wangu."

"Na aliyemchoma ni yule wa nje?"

"Ndiye. Lakini andika na hili, afande." Machozi yalikuwa yanamdondokea Leonel kifuani, mikono yake haikulegea hata kidogo. "Huyu ninayembana ndiye aliyekuwa anawaambia tuko wapi."

Polisi akamtazama Leonel. Leonel akameza damu.

"Andika," alisema. "Ni kweli."

Leonel hakufa. Alitoka hospitali akaenda mahabusu, akawataja wote, na Rufino, uso umejaa makovu, akafungwa miaka mingi. Leonel naye akafungwa, michache kidogo. Bi Henrike alirudishwa kwao Uholanzi kwa ndege, akajifunza kutembea na fimbo, akampigia Benedita simu: "Binti, nimerudi kwenye bwawa la kuogelea. Usiache kazi yako, unanisikia?" Benedita alilia kwenye simu mpaka yule mama akaanza kumwimbia.

Siku ya harusi, wachumba wengine walipita mbele ya kanisa kuu wakirushiwa maua. Bi Zulmira aliondoa gauni nyuma ya mlango kabla Benedita hajaamka, akampa binti wa jirani.

Benedita alikwenda gerezani kumwona Leonel mara moja tu. Leonel alikuwa amekonda, na alipokaa alijishika ubavu kama mzee.

"Umekuja," alisema.

"Nimekuja kukushukuru. Kile kisu kilinilenga mimi."

"Ningekipokea tena. Kila siku ningekipokea."

"Najua."

"Benedita, nitatoka humu. Nitakuwa mtu mwingine kabisa. Utanisubiri?"

Benedita akatikisa kichwa. Leonel akaukandamiza uso wake kwenye viganja.

"Hata kidogo?"

"Bi Henrike aliniambia, 'Nilivaa kama ulivyosema.' Nikilala nasikia sauti hiyo. Siwezi kulala na wewe pembeni na sauti hiyo pembeni."

"Sasa kwa nini ulinibana kidonda?" Alikuwa anapaza sauti, askari akageuka kuwatazama. "Ungeniacha nife pale pale! Kwa nini ulinililia kama bado unanipenda?"

Benedita akasimama, akatundika begi lake begani.

"Kwa sababu bado nilikuwa nakupenda. Nilitaka uishi, Leonel. Sikusema uishi na mimi."