Bibi Yumo Ndani ya Diski

Seremala alifuta meza, akaweka kompyuta, akachomeka diski ya nje. Picha zote za familia zilikuwa humo. Simu zao zilipojaa, walihamishia kila kitu kwenye diski, kisha wakafuta kwenye simu. Video ya marehemu mama yake ilikuwa humo pia, moja tu. Dada yake alikuwa njiani kuja kuiona.

Diski ikalia: ta, ta, ta.

“Imekuwaje tena?”

“Labda waya,” mkewe alisema.

Wakabadilisha waya. Ta, ta, ta. Seremala akaigonga kwa mpini wa nyundo, kama anavyogonga droo iliyokwama. Mkewe akaitia kwenye friji.

“Kwani hiyo samaki?”

“Si imepata joto? Mwenzio nimechanganyikiwa!”

Walipoichomeka tena, kompyuta iliuliza kama waisafishe diski ili itumike upya. Seremala hakuelewa. Usafi una ubaya gani? Akanyoosha kidole.

“Usibonyeze!”

Alikuwa jirani yao, fundi wa kompyuta, amefuata kiti chake alicholeta kutengenezwa.

“Ukikubali, unazidi kuvuruga. Chomoa kabisa. Ndani mna sahani inayozunguka na kichwa kidogo kinachoisoma. Mlio huo ni dalili kwamba kichwa kimeharibika. Kila mkiiwasha, kinaweza kuikwaruza sahani. Msiigonge, msiifungue, msiitie baridi.”

“Basi itengeneze, jirani.”

“Hii imenizidi. Ipelekeni kwa wataalamu wa kuokoa data. Wana chumba kisicho na vumbi. Nao wanaweza kushindwa.”

Dada mtu alifika, akaambiwa. Machozi yakamtoka. Seremala alitamani ardhi ipasuke.

Wiki kadhaa zilipita. Wataalamu walirudisha nusu ya picha, na video. Wote walikimbilia kompyuta.

“Nakili kwanza!” jirani alisema. “Nakala moja ibaki kwenye kompyuta, nyingine kwenye diski mpya, ya tatu aende nayo dada. Nyumba ikipata janga, yake itabaki. Na kila nakala ifungueni, mhakikishe inacheza.”

Walifanya hivyo. Ndipo wakaketi kutazama.

Bibi, yule mama yao, alitokea, amekunja uso, akiikodolea macho simu iliyokuwa ikimrekodi.

“Sasa mimi nimeingiaje humo?” aliuliza. “Na nikitaka kutoka, nitatokea wapi?”

Dada mtu alicheka huku akilia.

“Umeshatoka, mama,” alisema. “Twende nyumbani kwangu.”