Sentensi Nayo Ina Mlango

Mama Pacha alisafisha vyumba katika hoteli. Alitandika vitanda, akasugua mabafu, akakunja taulo. Kazi aliijua barabara, lakini mgongo ulikuwa umechoka kuinama. Akirudi nyumbani, pacha wake walimkimbilia mikono juu, wabebwe.

"Leo hapana, wanangu. Mgongo," aliwaambia. Kuwakatalia kulimuuma kuliko mgongo wenyewe.

Sasa kulikuwa na nafasi mapokezi. Huko mtu hufanya kazi amekaa kitini. Ila kulikuwa na mtihani: unapewa sentensi za Kiingereza, unatafuta makosa. Mama Pacha aliwahi kuufanya, akaanguka. Aliruhusiwa kurudia mara moja tu.

"Kiingereza si unakijua?" mumewe alimuuliza. "Mbona na wageni mnaelewana?"

"Ndiyo shida yenyewe, Baba Pacha. Kila sentensi naielewa. Kosa silioni."

"Basi kosa linakuogopa. Nenda kwa Mwalimu akalikamate."

Mwalimu alikuwa jirani yao, ukuta kwa ukuta. Alifundisha Kiingereza sekondari. Alimkaribisha, akamwandikia sentensi: "The guest have two bag."

"Inasemaje?"

"Mgeni ana mifuko miwili."

"Ina kosa?"

Mama Pacha akaitazama yote kwa mara moja. "Naona iko sawa."

Mwalimu hakumcheka. "Umeelewa maana, ukaridhika. Hebu niambie, chumba ukishakisafisha unakikaguaje?"

"Naanzia mlangoni, nafuata ukuta mpaka narudi mlangoni. Ukisimama katikati ukaangaza macho, utasema kisafi. Kumbe soksi ya mgeni iko nyuma ya pazia."

"Basi sentensi nayo ina mlango. Mlangoni yupo mtenda. Ni mmoja au wengi?"

"Guest. Mgeni mmoja."

"Fuata ukuta. Kitendo kinalingana naye?"

Mama Pacha akaweka kidole juu ya neno. "Has. Have ingekuwa ya wageni wengi."

"Endelea."

"Two. Mifuko ni miwili, kwa hiyo bags, na s mwishoni." Akacheka. "Soksi mbili nyuma ya pazia moja."

"Umeona? Kisha uliza wakati. Ukikuta yesterday, yaani jana, kitendo nacho kiwe cha jana. Si call, ni called. Usiulize yote kwa pamoja. Moja moja."

Kila jioni Mama Pacha alibisha hodi kwa Mwalimu. Nyumbani, Baba Pacha alipika. Aliunguza sufuria, akasema moshi unafukuza wadudu.

Siku ya mtihani ikafika. Sentensi ya kwanza aliielewa vizuri, akataka kuipita. Akajizuia. Akarudi mlangoni, akafuata ukuta, neno kwa neno, kwa kidole. Wenzake walitoka wakamwacha. Hakuwajali.

Alipasi. Baba Pacha alipopata habari alikaa chini, akafuta macho, akasingizia vitunguu.

Miezi ikapita, Mama Pacha yuko mapokezi. Mgongo ukapata nafuu. Jioni moja alifungua mlango, pacha wakamkimbilia mikono juu, wakisukumana kama kawaida yao.

Mama Pacha aliweka mkoba chini.

"Mmoja mmoja," alisema, akainama kumbeba wa kwanza.